Tumbo Likitulia, Usifunge Daftari

Wako watu wengi vijijini mwetu wanaoishi na tumbo lenye majira yake. Mwezi huu linauma, mwezi ujao limetulia, mwezi wa tatu linauma tena. Mwenye tumbo hilo huamka saa nane za usiku akiwa ameshika chembe ya moyo. Hunywa maji au hula kipande cha kiporo cha ugali, akapata nafuu, akalala. Asubuhi yuko shambani pamoja na wenzake. Ukimwuliza ana nini atakuambia, "Nina vidonda vya tumbo." Ukimwuliza ni nani aliyempima, mara nyingi atanyamaza, au atasema kwamba aliambiwa hivyo dukani.

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa huo, na hasa juu ya tabia yake ya kuja na kwenda. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo. Zinazowaponza watu wetu zaidi si siku za maumivu, bali ni siku za utulivu. Siku ya maumivu kila mtu ni mwangalifu: anaacha pombe, anameza dawa kwa saa, anakumbuka hata yale aliyoambiwa zahanati mwaka juzi. Tumbo likitulia anavitupa vidonge vilivyobaki, anasahau tarehe ya kurudi hospitali, na ugonjwa unaendelea na kazi yake kimya kimya.

Kwanza tujue kidonda cha tumbo ni kitu gani. Mfuko wa chakula hutoa asidi kali ya kusaidia kusaga chakula. Ukuta wa mfuko umepakwa ute mzito ambao huukinga usiunguzwe na asidi hiyo. Ute huo ukiharibika, asidi hufika kwenye nyama na kuichimba. Kidonda chaweza kuwa ndani ya mfuko wenyewe, au chaweza kuwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotokea mfukoni. Kile cha kwenye utumbo huuma zaidi tumbo likiwa tupu na usiku wa manane, na hutulia mtu akila. Kile cha ndani ya mfuko mara nyingi huuma baada ya kula, ndiyo maana mwenye nacho huanza kukiogopa chakula na kukonda.

Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kuwa vidonda hivi huletwa na mawazo, pilipili na asidi iliyozidi. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Marekani, aliyeitwa Bertram Sippy, alieneza matibabu ya kumnywesha mgonjwa maziwa yenye malai kila saa. Watu wakanyweshwa maziwa miaka na miaka. Kumbe maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha huufanya mfuko utoe asidi zaidi. Hata mwaka 1973, vikundi vya kisomo vilipokuwa vikikaa kando ya redio kusikiliza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, elimu ya udaktari ilikuwa bado haijakitambua chanzo kikubwa cha ugonjwa huu.

Chanzo hicho kilitambuliwa katika mji wa Perth, Australia. Huko Robin Warren alikuwa ameona kwa darubini vijidudu vilivyojipinda kwenye vipande vya nyama ya mfuko wa chakula. Akashirikiana na daktari kijana, Barry Marshall, na mwaka 1982 wakafaulu kuviotesha vijidudu hivyo maabara. Nao walifaulu kwa bahati: sampuli zilisahauliwa ndani ya mashine wakati wa sikukuu ya Pasaka, na siku zile za ziada ndizo zilizovipa nafasi ya kukua. Wenzao wengi hawakuwaamini, kwa kuwa ilijulikana kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipopimwa, ukuta wa mfuko wake ulikuwa umevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho kinaitwa helikobakta pailori. Hospitalini utasikia wakikifupisha kuwa "echi pailori".

Kijidudu hiki kina ujanja wa kutengeneza dawa yake ya kupunguza ukali wa asidi inayokizunguka, kisha hujichimbia ndani ya ute. Karibu nusu ya watu wote duniani wanacho. Wengi walikipata utotoni nyumbani mwao, kwa njia ya mate, matapishi au kinyesi, hasa mahali penye msongamano na pasipo na maji safi ya kutosha. Wengi wao hawataumwa kamwe. Kati ya watu kumi wenye kijidudu hiki, ni mmoja au wawili tu wanaopata kidonda. Kwa hiyo kukutwa nacho si lazima iwe ndiyo sababu ya kila maumivu ya tumbo, lakini mwenye kidonda akikutwa nacho, hana budi kukiondoa.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu. Hapa nawaomba wasomaji tusimame kidogo, maana jambo hili halisemwi vya kutosha. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huondoa maumivu ya mgongo na viungo, lakini pia hupunguza ile kinga ya ute. Mtu akizimeza kila siku, hasa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, zaweza kumchimbia kidonda bila hata kumwumiza. Dawa inayozuia maumivu ya mgongo huzuia na maumivu ya tumbo. Dalili ya kwanza yaweza kuwa damu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wagonjwa huuliza sana: kwa nini unakuja na kuondoka? Jibu ni kwamba mwili wenyewe hujitahidi kukiziba kidonda. Katika majuma machache kidonda chaweza kufunga, kwa dawa ya kupunguza asidi au hata bila dawa. Mtu huona amepona. Lakini kijidudu bado kimo ndani ya ute, au zile dawa za mgongo bado zimo kabatini, na baada ya muda mahali pale pale panafunguka tena. Madaktari waliwafuatilia watu ambao vidonda vyao vilifungwa kwa dawa za asidi peke yake, bila kukiua kijidudu. Zaidi ya nusu yao kidonda kilirudi ndani ya mwaka mmoja. Kwa wale ambao kijidudu kiliondolewa kabisa, ni wachache tu kilichowarudia. Ni sawa na magugu yenye mizizi mirefu. Ukiyafyeka juu kwa panga, shamba linapendeza kwa majuma mawili.

Ndiyo kusema, nafuu na kupona ni mambo mawili. Lakini mgonjwa atayatofautishaje, ikiwa yote mawili huhisiwa sawa? Hapo ndipo inapotufaa ile elimu tuliyoipata katika madarasa ya kisomo. Ugonjwa unaokuja na kwenda humdanganya mtu anayetegemea kichwa chake tu. Ukiumwa leo unaona kama umeumwa mwaka mzima, ukipata nafuu unaona kama hukuumwa kamwe. Daftari halidanganyiki hivyo.

Nunua daftari dogo la shule. Piga mistari. Andika tarehe, saa tumbo lilipouma, ulikula nini na saa ngapi, umemeza dawa gani, na choo kilikuwa cha rangi gani. Kwa maumivu tumia namba: 0 ikiwa hakuna, 1 ikiwa ni kidogo, 2 ikiwa yamekuzuia kazi, 3 ikiwa yamekulaza. Kazi hii huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Na siku tumbo limetulia, andika 0. Watu wengi huacha kuandika wakipata nafuu, na hivyo hupoteza kile ambacho daktari anakihitaji zaidi, yaani kujua utulivu ulianza lini, ulidumu siku ngapi, na ni nini kilitokea kabla haujavunjika.

Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba. Kila mwaka mwezi wa Desemba na Januari tumbo lake humsumbua. Jirani zake wanasema ni kazi nzito, yeye anasema ni mawazo ya madeni ya pembejeo. Akiwa na daftari la miezi mitatu ataona jambo jingine. Palizi imeanza, mgongo unauma, anapita dukani na kununua vidonge vya diklofenaki, anavimeza asubuhi kabla ya kula chochote ili awahi shamba, na analala njaa mpaka saa nane mchana. Siku chache baadaye namba 2 zinaanza kujipanga katika daftari. Kazi ya palizi haikumletea kidonda, wala madeni. Mkulima huyu akibadilisha dawa ya mgongo akatumia parasetamoli, ambayo haichimbi tumbo, na akabeba uji au kiporo chake shambani, huenda Januari ijayo ikawa tofauti. Lakini bila kuandika, ataendelea kuilaumu palizi.

Nisieleweke vibaya kuhusu mawazo. Mtu mwenye mashaka huyasikia maumivu ya tumbo kwa ukali zaidi, hulala vibaya, huvuta sigara zaidi na kula ovyo. Kwa hiyo mawazo yanachangia. Ninachokikataa ni ile tabia ya kumwambia mgonjwa, "Punguza mawazo," kisha kumrudisha nyumbani bila kipimo. Mjane mwenye watoto watano atayapunguzaje mawazo kwa kuambiwa tu? Kijidudu kinapimwa, na kinauawa kwa dawa. Tuanze na hicho.

Kipimo kizuri ni cha choo, kinachotafuta kijidudu chenyewe. Kipo pia cha pumzi, lakini ni vigumu kukipata huku kwetu. Kipimo cha damu kina upungufu mkubwa: hutafuta kinga ya mwili dhidi ya kijidudu, na kinga hiyo hubaki katika damu miezi mingi, hata miaka, baada ya kijidudu kufa. Wapo watu waliotibiwa mara tatu na mara nne kwa sababu kila mwaka hupimwa damu na kuambiwa, "Bado unacho." Kwa hiyo usione haya kumwuliza mganga, "Hiki ni kipimo cha choo au cha damu?" Ni haki yako. Tena mwambie umetumia dawa gani hivi karibuni. Omeprazole ikiwa imetumika katika majuma mawili yaliyopita, au dawa za kuua vijidudu katika majuma manne, kipimo cha choo chaweza kusema huna kijidudu hali unacho. Ukifungua daftari mbele yake, jambo hili linamalizika kwa dakika moja.

Ukikutwa nacho utapewa dawa za aina tatu au nne kwa pamoja, na kwa kawaida ni za siku 14: omeprazole ya kupunguza asidi, pamoja na dawa mbili au zaidi za kukishambulia kijidudu, kama vile amoksisilini, klarithromaisini au metronidazole. Omeprazole humezwa nusu saa kabla ya kula. Usinywe pombe katika siku hizo. Mdomo waweza kuwa na ladha ya chuma, tumbo laweza kuharisha kidogo. Haya huwasumbua wengi na hupita. Lakini wengi hawafiki siku ya 14. Siku ya tano maumivu yameisha, mtu anaona ni hasara kuzimaliza dawa hali amepona, anaweka zilizobaki juu ya kabati ziwe akiba, au anampa shemeji yake anayelalamika tumbo. Vijidudu vilivyonusurika sasa vimeizoea dawa. Safari ijayo dawa ile ile haitavifaa kitu, na mganga atalazimika kutafuta nyingine, yenye bei zaidi.

Majuma manne baada ya kumaliza dawa, rudi ukapime tena. Utakwenda huna maumivu, pengine unajiona mpumbavu kumlipa mpimaji kwa tumbo ambalo haliumi. Nenda. Hiyo ndiyo siku utakayojua kama ni nafuu au ni kupona.

Nasikia msomaji akisema, "Ndugu, fedha hizo ziko wapi?" Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa hesabu. Tuseme mtu ananunua vidonge vya kutafuna vya shilingi 500 kila baada ya siku tatu. Mwaka una siku 365. Gawanya kwa 3 upate karibu 122. Zidisha kwa 500. Ni shilingi 61,000 kwa mwaka mmoja, na wako watu walioanza kununua vidonge hivyo kabla mtoto wao wa kwanza hajaanza shule. Sasa uliza katika zahanati yako kipimo cha choo kinapatikana wapi na kwa bei gani, na dozi ya siku 14 ni kiasi gani, uandike namba zote mbili chini ya hiyo ya kwanza. Wengine wataona wamekuwa wakilipia ugonjwa kila mwaka kwa fedha ambazo zingetosha kuutibu. Vidonge vya kutafuna si vibaya, hutuliza asidi kwa saa moja au mbili, ila havimgusi kijidudu.

Nije kwenye chakula. Hapa nina ugomvi na baadhi ya washauri wetu. Mgonjwa akisema ana vidonda hupewa orodha ya miiko: asile maharage, asile kunde, asile dagaa, asile muhogo, asile machungwa, asile nyanya, asile pilipili. Sasa katika nyumba ambayo mboga ni maharage Jumatatu na dagaa Jumanne, mtu huyu atakula nini? Atakula ugali na maji ya chumvi. Nimeona watu waliodhoofika kwa miiko kuliko kwa kidonda. Hakuna chakula miongoni mwa hivyo kinachosababisha vidonda, wala kujinyima hakumwondoi kijidudu. Ni kweli kwamba wako watu ambao maharage huwajaza gesi, na wengine chai ya rangi au pilipili huwawasha kifuani. Lakini hilo ni la kila mtu na tumbo lake. Angalia katika daftari lako. Ikiwa maharage yameandikwa mara kumi, na mara nane kati ya hizo namba ilikuwa 0, basi maharage hayana kosa, kula uendelee na maisha. Ikiwa kila penye pilipili pana 2, acha pilipili. Sigara na pombe sizijadili kwa namna hii. Sigara hukichelewesha kidonda kufunga, na pombe huuchoma ukuta ulio na jeraha, hata kama daftari halijaonyesha bado.

Wanaofunga kwa ajili ya dini nao huuliza. Mwenye kidonda kinachouma sasa, au aliyetoka damu miezi ya karibuni, azungumze na mganga na kiongozi wake wa dini kabla ya mwezi wa mfungo kufika, si siku ya tatu akiwa amejikunja mkekani. Aliyetibiwa akathibitishwa amepona, mara nyingi hufunga bila shida.

Kuna upande mwingine wa ugonjwa huu ambao hauonekani kwenye darubini. Mtu anayeumwa na kupata nafuu, akaumwa tena, huchosha watu wake. Jana alikuwa harusini akicheza, leo anasema hawezi kuja kwenye msaragambo wa kuchimba msingi wa darasa. Watu hucheka pembeni. Mwenyekiti wa kitongoji anamwandika faini. Mume anaona mkewe anajidekeza, au mke anaona mumewe anakimbia jembe. Mgonjwa naye, ili asionekane mvivu, hujilazimisha kufanya kazi na kuficha maumivu, hasa akiwa mwanamume. Mguu uliovunjika kila mtu anauona. Tumbo halionekani. Maoni yangu ni kwamba viongozi wetu wa vitongoji wangempangia mtu wa namna hii kazi kwa siku zake nzuri kuliko kumtoza faini kwa siku zake mbaya. Na nyumbani, wenzake wamwamini anaposema linauma, hata kama jana alicheza.

Tusisahau pia kwamba si kila tumbo linalouma lina kidonda. Watu wengi wanaopimwa hospitali za rufaa kwa mpira mwembamba wenye kamera hawakutwi na kidonda chochote. Wako ambao asidi hupanda tu kooni, wakapata kiungulia hasa wakilala mara baada ya kula. Hao hufaidika kwa kula mapema jioni na kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali. Wako ambao mfuko wao wa chakula huhisi maumivu kupita kiasi ingawa hauna jeraha. Maumivu yao si ya uongo, nao huishi na kupanda na kushuka kule kule, lakini hawana sababu ya kuishi na hofu ya kutobolewa tumbo. Kuishi miaka 15 na jina la ugonjwa ambao hukuwahi kupimwa ni mzigo ambao waweza kuutua.

Kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, wavuvi, wakulima wa mpunga na akina mama wanaofulia ziwani, nina neno la pekee. Huko kuna kichocho cha tumbo. Mayai yake hukwama katika ini na kulikausha pole pole, damu ikakosa njia, na mishipa ya koo la chakula ikavimba. Siku moja mshipa hupasuka na mtu hutapika damu nyingi, mara nyingi bila maumivu ya tumbo kabla yake. Jirani husema, "Ni vidonda vyake hivyo," na kumpa maziwa. Hospitali kama Bugando, Mwanza, wanaijua vizuri hali hii, na hutumia ule mpira wenye kamera kuuona mshipa wenyewe. Mtu aliyekulia kando ya ziwa amwambie hivyo mganga anayempima tumbo. Tena mwanzo wa daftari lake aandike ni lini alimeza dawa ya kichocho, prazikwanteli, kwa mara ya mwisho.

Ziko dalili ambazo hazingojei daftari. Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa. Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida. Maumivu ya ghafla, makali kama umechomwa kisu, na tumbo kukakamaa kama ubao. Kizunguzungu na kuishiwa nguvu kwa mtu mwenye vidonda. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe kwa pikipiki au kwa machela. Asipewe chakula wala dawa yoyote ya kunywa njiani. Asisubiri kuche, asisubiri fedha za mnada. Na mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyeanza karibuni kukonda bila sababu, au chakula kinamkwama akimeza, asiendelee kununua vidonge vya kutafuna. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikitia kijidudu hiki katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Ni wachache kati ya wenye nacho wanaofikia huko, lakini hao wachache hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu tumbo lao lilikuwa na mazoea ya kutulia.

Akina mama wanaotumia vidonge vya kuongeza damu waviandike navyo, maana huufanya weusi wa choo ambao si wa damu, na mganga asipojua atawatia hofu bure au atapuuza hofu iliyo ya kweli. Kwa mzee ambaye hakupata kujifunza kuandika, mjukuu wa darasa la tatu anatosha. Amwulize babu kila jioni baada ya chakula, "Leo tumbo ni ngapi?" na aandike namba. Babu akijibu sifuri, aandike sifuri.